Hoteli Iliyofungwa Mapema, Jengo Lililosalia: Uchambuzi wa Kisa cha Knickerbocker, New York

Kwenye pembe ya kusini-mashariki ya makutano ya Broadway na Barabara ya 42, katika mtaa wa majumba ya maonyesho jijini New York, limesimama jengo la matofali mekundu na terakota (mapambo ya udongo wa kuchomwa), lenye ghorofa zipatazo 15 na paa la shaba. Lilifunguliwa Oktoba 1906 likiwa hoteli iliyoitwa Knickerbocker, likaacha kuwa hoteli mwaka 1920, na halikumlaza tena mgeni wa kulipia hadi Februari 2015. Maana yake ni kwamba hoteli hii, ambayo jina lake linatajwa kila panapozungumzwa historia ya Broadway, katika enzi yake ya kwanza haikufikisha hata miaka 14 kamili, na kwa takriban miaka 95 iliyofuata jengo lake lilikuwa la ofisi na maduka.

Hatua chache kuelekea kaskazini, kati ya Barabara ya 44 na ya 45, palikuwa na jirani na mshindani wake, Hotel Astor, iliyofunguliwa mwaka 1904. Hiyo ilipita salama katika misukosuko iliyoiangusha Knickerbocker, ikaendelea kupokea wageni, karamu na mikutano hadi mwaka 1967, ilipobomolewa isibaki hata tofali. Kwa kipimo cha biashara, Hotel Astor ilifanikiwa na Knickerbocker ilishindwa. Kwa kipimo cha majengo, mambo yaligeuka kinyume kabisa. Uchambuzi huu unatafuta sababu za mgeuko huo, na hoja yangu ni kwamba Knickerbocker haikusalia licha ya kufungwa mapema, bali ilisalia kwa sababu ya kufungwa mapema.

Ardhi, mkataba na ujenzi uliokwama

Mwishoni mwa karne ya 19 majumba ya maonyesho ya New York yalikuwa yakihama polepole kuelekea kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan. Metropolitan Opera ilijenga makao yake kwenye Broadway na Barabara ya 39 mwaka 1883. Mwaka 1893 ukafunguliwa ukumbi wa Empire karibu na Barabara ya 40. Na mwaka 1895 Oscar Hammerstein akajenga jumba lake la Olympia katika uwanja uliojulikana wakati huo kama Longacre Square, mahali palipokuwa maskani ya watengenezaji wa magari ya farasi na mabanda ya farasi. Ukumbi wa New Amsterdam ulifunguliwa mwaka 1903 kwenye Barabara ya 42. Mwaka uliofuata gazeti la New York Times likajenga mnara wake hapo, uwanja ukapewa jina la Times Square, na tarehe 27 Oktoba 1904 reli ya chini ya ardhi ikaanza kupita chini yake. Kwa hiyo katika muda wa takriban miaka kumi pembezoni mwa starehe za mji paligeuka kuwa kitovu chake, na aliyekuwa na kiwanja katika makutano hayo alikuwa na mali ambayo thamani yake ilipanda bila yeye kuinua jiwe.

Mwenye kiwanja alikuwa John Jacob Astor IV, wa ukoo uliokuwa ukimiliki ardhi kubwa Manhattan kwa vizazi kadhaa. Tayari palikuwa na hoteli ya zamani mahali hapo, ikiitwa St. Cloud. Desturi ya ukoo wa Astor haikuwa kuuza ardhi. Walikodisha kwa miaka mingi, wakamwacha mpangaji ajenge na abebe hasara, huku wao wakipokea kodi na, mwisho wa mkataba, jengo lenyewe. Ndivyo ilivyopangwa hapa. Kampuni iliyoitwa International Realty and Construction ilikodi kiwanja na kuanza kujenga hoteli kwa ramani ya wasanifu Marvin & Davis, Bruce Price akiwa mshauri, na uendeshaji ukakubaliwa kuwa utakuwa mikononi mwa James B. Regan, mtu aliyejulikana kwa biashara ya migahawa na baa. Mwaka 1904 fedha za kampuni zilikauka na ujenzi ukasimama, kuta za nje zikiwa zimeinuka na ndani kukiwa kutupu.

Jambo hili huelezwa kama kikwazo kidogo kilichoondolewa na tajiri mmoja, lakini mimi naliona kuwa ndilo lililoamua mengi ya baadaye. Astor hakuwa amekusudia kuwa na hoteli pale. Alikusudia kuwa na mpangaji. Mpangaji alipofilisika, mwenye ardhi alilazimika kuchagua kati ya kubaki na gofu kwenye kona ghali kuliko karibu zote za mji na kulimaliza mwenyewe. Alilimaliza. Kazi ya ndani akawapa Trowbridge & Livingston, wasanifu waliokuwa wametoka kumjengea hoteli ya St. Regis, na gharama kwa jumla ikavuka dola milioni 3. Jengo likawa mali ya ukoo mmoja, ardhi na kuta pamoja, bila mkataba mrefu wa mtu wa kati uliogawanya haki. Miaka 14 baadaye, uamuzi wa kubadilisha matumizi yake ulipowadia, mmoja tu ndiye aliyehitaji kuamua.

Mgahawa wenye vyumba juu yake

Knickerbocker ilipofunguliwa ilikuwa na vyumba 556, na kumbi zake za chakula ziliweza kuketisha watu wapatao 2,000 kwa wakati mmoja. Uwiano huo unastahili kutazamwa kabla ya kusema lolote kuhusu mapambo yake. Hata kama kila chumba kingekuwa na wageni wawili na wote wangeshuka kula saa ileile, viti vingi vingebaki vitupu. Kumbi hizo hazikujengwa kwa ajili ya wageni wa kulala. Zilijengwa kwa ajili ya watu wa mjini waliokuja kula kabla ya pazia kufunguliwa saa mbili usiku, na waliorudi baada ya onyesho kwa chakula cha usiku wa manane, desturi iliyokuwa na nguvu sana katika Broadway ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada yao walikuja waigizaji, wanamuziki, wafadhili wa maonyesho na waandishi wa magazeti, ambao kazi yao ilimalizika wakati wengine wanalala. Kwa hiyo hoteli ya mtaa wa maonyesho ilikuwa na nyakati mbili za mavuno kila jioni, na katika nyakati hizo zote mbili faida nono haikutoka katika nyama wala mkate, ilitoka katika mvinyo na vinywaji vikali.

Baa ndiyo iliyokuwa moyo wa mahali hapo. Wateja wake waliipachika jina la utani, Klabu ya Mashambani ya Barabara ya 42, kwa kejeli ya wazi, kwa sababu hapakuwa na shamba wala nyasi kwa umbali mrefu. Nyuma ya kaunta ulitundikwa mchoro wa Maxfield Parrish unaomwonyesha Old King Cole, mfalme wa shairi la watoto wa Kiingereza anayeita tumbaku yake, bakuli lake na wapiga fidla wake watatu. Mchoro huo una urefu wa takriban mita 9, na mchoraji alilipwa dola 5,000. Kwa bei za wakati huo, hizo zilikuwa fedha nyingi kwa kitu cha kutundika juu ya chupa, na zinaeleza waziwazi ni sehemu gani ya jengo ambayo mmiliki aliiona kuwa chanzo cha mapato.

Kuna hekaya isemayo kwamba kinywaji cha martini kilibuniwa katika baa hiyo mwaka 1912 na mhudumu mmoja wa Kiitaliano, na kwamba aliyehudumiwa kwanza alikuwa tajiri wa mafuta John D. Rockefeller. Hekaya hiyo hurudiwa hadi leo kwa sababu inauza, lakini haisimami: vinywaji vyenye jina hilo vilikuwa vimechapishwa katika vitabu vya wahudumu wa baa tangu karne ya 19, na Rockefeller alikuwa Mbaptisti maarufu kwa kutokunywa pombe maisha yake yote.

Habari za Enrico Caruso ni za uhakika zaidi. Mwimbaji huyo wa Kiitaliano, aliyekuwa nguzo ya Metropolitan Opera, aliishi katika hoteli hiyo kwa miaka kadhaa, na sababu yake haikuwa anasa peke yake: jumba la opera lilikuwa umbali wa barabara tatu tu, umbali wa kutembea kwa miguu hata kwa mtu anayeogopa baridi isiharibu koo lake. Tarehe 11 Novemba 1918, habari za kusimamishwa kwa vita zilipofika na umati ukajaa Times Square, alitokea dirishani na kuwaimbia nyimbo za taifa za nchi washirika. Binti yake Gloria alizaliwa humo humo Desemba 1919. Kwa hoteli, mkaazi wa aina hiyo alikuwa tangazo lisilolipiwa, kwa maana watu walikuja kula wakitumaini kumwona akipita.

Kwenye jukwaa la stesheni ya Times Square, chini ya ardhi, uliwekwa mlango ulioandikwa jina la Knickerbocker juu yake, ili abiria aweze kushuka kwenye treni na kuingia moja kwa moja katika sehemu ya chini ya hoteli bila kukanyaga barabara. Mlango huo ulifungwa pamoja na biashara uliyoihudumia, lakini jina lake liliendelea kuonekana hapo kwa miongo mingi, na wapenzi wa reli za New York wanaujua vizuri kuliko baadhi ya vyumba vilivyokuwa juu yake.

Mwaka 1920 na sababu zake

Maelezo ya kawaida ya kufungwa kwa Knickerbocker ni mafupi: pombe ilipigwa marufuku, baa ikafa, hoteli ikafa nayo. Tarehe zinayaunga mkono. Marufuku ya wakati wa vita ilianza kutumika Julai 1919, Sheria ya Volstead, ya kutekeleza marufuku ya pombe, ikapitishwa Oktoba mwaka huohuo, na marekebisho ya 18 ya Katiba ya Marekani yakaanza kufanya kazi tarehe 17 Januari 1920. Miezi michache baadaye Regan akajiondoa na hoteli ikafungwa. Kwa biashara iliyojengwa juu ya viti 2,000 na kaunta moja mashuhuri, pigo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba mtu anaweza kuridhika na maelezo hayo na asitafute mengine.

Hata hivyo hayatoshi. Hotel Astor nayo ilinyimwa pombe siku ileile na kwa sheria ileile, na ikaendelea. Tofauti mojawapo ni kwamba Hotel Astor, hasa baada ya kupanuliwa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne, ilikuwa na kumbi kubwa za karamu na mikutano pamoja na bustani maarufu ya juu ya paa. Vyama, makampuni na familia walizikodi kumbi hizo kwa hafla zao hata pasipokuwa na mvinyo wa halali mezani. Knickerbocker ilitegemea mteja wa jioni, anayekuja kwa hiari yake na kuondoka kwa hiari yake. Mteja huyo akinyimwa glasi yake huenda kwingine, na katika New York ya mwaka 1920 hakukosa mlango wa siri wa kubisha hodi.

Sababu ya pili iko nje ya hoteli, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Baada ya vita, ofisi zilikuwa adimu katikati ya Manhattan na kodi za pango zilipanda haraka. Times Square, iliyochaguliwa na wenye hoteli kwa sababu ya majumba ya maonyesho, ilikuwa sasa imekuwa njia panda ya reli za chini ya ardhi, hasa baada ya mpangilio mpya wa njia mwaka 1918 kuiunganisha na Grand Central kwa treni fupi inayokwenda na kurudi chini ya Barabara ya 42. Karani anayeishi mbali angeweza kufika kazini hapo bila shida. Mwenye jengo alikuwa na hesabu rahisi mbele yake: hoteli inahitaji wapishi, wafuaji, wapagazi, wasafishaji na mamia ya mikono mingine kabla haijaingiza senti moja, ilhali ofisi inahitaji lifti, taa na mtu wa kukusanya kodi. Knickerbocker haikuwa peke yake. Holland House kwenye Fifth Avenue na Hotel Manhattan kwenye Barabara ya 42 nazo ziligeuzwa ofisi katika kipindi hichohicho. Marufuku ya pombe iliondoa faida, na soko la ofisi likaonyesha mlango wa kutokea. Bila mlango huo, nadhani wamiliki wengi wangevumilia hasara kwa muda, kama wengine walivyovumilia.

Aliyefanya uamuzi alikuwa Vincent Astor. Baba yake alikufa maji katika meli ya Titanic tarehe 15 Aprili 1912, na Vincent, akiwa na umri wa miaka 20, akarithi sehemu kubwa ya mali. Hakuwa na uchungu wa baba na hoteli aliyoikamilisha kwa shingo upande. Mwaka 1920 kazi ya kugeuza jengo ilipewa msanifu Charles A. Platt. Kumbi za chakula ziligawanywa, madirisha makubwa ya chini yakabadilishwa kuwa ya maduka, vyumba vya kulala vikawa ofisi, na jengo likabaki na jina la Knickerbocker Building. Mchoro wa mfalme ulihamishwa, na katika miaka ya 1930 ukapata makao ya kudumu katika baa ya St. Regis, hoteli nyingine iliyoanzishwa na Astor yuleyule, ambako ungali hadi leo.

Kwa nini halikubomolewa

Ubadilishaji huo uliangamiza kila kitu cha ndani ambacho mtu wa historia angetamani kukiona, na haungewezekana kirahisi kama jengo lisingekuwa na kiunzi cha chuma, ambacho kinaruhusu kuta za ndani kuondolewa na kupangwa upya bila kugusa uzito wa ghorofa za juu. Lakini kwa kufanya hivyo ulilipatia jengo kitu ambacho Hotel Astor haikuwahi kuwa nacho, yaani mapato yasiyotegemea hali ya mtaa wa maonyesho. Wapangaji walibadilika kulingana na nyakati. Jarida la Newsweek lilikuwa na makao yake humo kuanzia mwaka 1940 hadi 1959, na jengo likaitwa kwa jina lake. Baadaye wakaja wafanyabiashara wa nguo waliohitaji vyumba vya kuonyeshea bidhaa zao karibu na viwanda vya ushonaji vilivyokuwa upande wa kusini. Broadway ilipopungukiwa na watazamaji na Barabara ya 42 ikawa mahali ambapo wazazi waliwakataza watoto wao kupita, kodi ya ofisi iliendelea kuingia. Haikuwa nyingi, lakini ilitosha.

Hotel Astor haikuwa na kinga hiyo. Mnamo miaka ya 1960 hoteli kubwa ya zamani katika Times Square ilikuwa mzigo: gharama za kuihudumia zilikuwa za karne iliyopita, na wageni matajiri walikuwa wamehamia mashariki mwa mji. Ardhi chini yake ilikuwa na thamani kuliko biashara iliyokuwa juu yake. Jengo lililochukua nafasi yake lilinufaika na kanuni ya mipango miji ya mwaka 1967 iliyoundwa kwa nia njema kabisa ya kuyasaidia maonyesho: mjenzi atakayeweka jumba jipya la maonyesho ndani ya mnara wake ataruhusiwa kuongeza ghorofa kupita kiwango cha kawaida. Mnara wa One Astor Plaza, uliokamilika mwaka 1972 ukiwa na ghorofa 54, ulijengwa chini ya kanuni hiyo, na ndani yake umo ukumbi wa Minskoff. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kuulinda mtaa wa maonyesho ndiyo iliyompa mjenzi ghorofa za ziada mahali ilipokuwa hoteli iliyokuwa sebule ya mtaa huo. Jirani nyingine, Claridge, ambayo ukuta wake ulikuwa umebeba tangazo maarufu la sigara za Camel lililotoa pete za moshi kwa miaka mingi, nayo ikabomolewa mwaka 1972.

New York ilikuwa na sheria ya kuhifadhi majengo ya kihistoria tangu mwaka 1965, iliyotungwa baada ya uchungu wa kubomolewa kwa stesheni ya Pennsylvania. Lakini sheria hiyo ilikuwa changa, tume yake ilisitasita kugusa mali zenye thamani kubwa ya kibiashara, na wamiliki waliamini kwamba mahakama zingeifuta. Shaka hiyo haikuondoka hadi mwaka 1978, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Penn Central, iliyohusu stesheni ya Grand Central, kwamba jiji lina haki ya kumzuia mmiliki asijenge mnara juu ya jengo lililolindwa. Kwa Hotel Astor, uamuzi huo ulichelewa kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa Knickerbocker ulifika kwa wakati, kwa sababu Knickerbocker ilikuwa bado ipo.

Kichocheo cha mwisho kilikuwa kashfa ya mwaka 1982, majumba ya maonyesho ya Morosco, Helen Hayes na mengine yalipobomolewa, huku waigizaji wakiandamana barabarani, ili kutoa nafasi kwa hoteli kubwa mpya, Marriott Marquis, iliyofunguliwa mwaka 1985. Mwaka huohuo wa 1982 jiji liliongeza kwa muda ukubwa wa majengo yanayoruhusiwa upande wa magharibi wa Midtown, sehemu ya katikati ya Manhattan, ruhusa iliyokoma mwaka 1988, na wajenzi wakaanza kukimbizana na muda. Hasira na hofu hizo mbili ziliisukuma tume kuyalinda majumba mengi ya maonyesho ya Broadway kati ya mwaka 1987 na 1988, na katika wimbi hilohilo, Oktoba 1988, jengo la Knickerbocker likaandikwa rasmi kuwa jengo la kihistoria la jiji, pamoja na kiambatisho chake cha mwaka 1894 kilichoko upande wa Barabara ya 41.

Naona kejeli fulani hapa ambayo wanahistoria wa Broadway hawaikazii vya kutosha. Majumba yale yaliangushwa ili ijengwe hoteli, na kuanguka kwao kukasaidia kuokoa jengo la hoteli nyingine ambayo wakati huo haikuwa na kitanda hata kimoja.

Fedha za Dubai na kurudi kwa hoteli

Katika miaka ya 1990 Barabara ya 42 ilifufuliwa kwa mpango wa serikali na fedha za makampuni makubwa. New Amsterdam ulifunguliwa upya mwaka 1997 na watalii wakarudi kwa wingi. Hesabu ya mwaka 1920 ikageuka. Jengo kongwe lenye ghorofa fupi na nafasi ndogo halikuweza kushindana na minara mipya ya ofisi iliyoinuka pembeni yake, lakini kwa hoteli, ukongwe na anwani yake vilikuwa mtaji. Mwaka 2006 Istithmar, kampuni ya uwekezaji iliyo chini ya Dubai World, kampuni ya serikali ya Dubai, ililinunua kwa takriban dola milioni 300 kwa nia ya kulirudisha kuwa hoteli.

Wasomaji wanaoijua Dubai ya miaka hiyo watakumbuka kasi ya ununuzi wake nje ya nchi. Istithmar ilinunua pia hoteli ya W ya Union Square jijini humo, mwaka huohuo, kwa takriban dola milioni 285. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo, na mikopo ilipimwa kwa matarajio ya bei ambazo zingeendelea kupanda. Benki ya Lehman Brothers ilipofilisika Septemba 2008, matarajio hayo yalikoma. Novemba 2009 Dubai World yenyewe iliomba kusimamisha kwa muda ulipaji wa madeni yake, na Desemba mwaka huo W ya Union Square iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2 tu, kwa sababu mnunuzi alichukua pamoja nayo mzigo wa madeni ya awali. Knickerbocker nayo ilikwenda kwa mdai, Danske Bank ya Denmark, mwaka 2010.

Kilichofuata kinafanana na mwaka 1904 kuliko inavyodhaniwa. Kwa mara ya pili mwenye mradi aliishiwa fedha kazi ikiwa haijakamilika, na kwa mara ya pili aliyeichukua aliipata kwa masharti bora kuliko mwanzilishi. Mwaka 2012 FelCor Lodging Trust, kampuni ya Marekani ya kumiliki hoteli, ilinunua asilimia 95 ya umiliki kwa dola milioni 109, chini ya nusu ya bei ya mwaka 2006. Mnunuzi anayeanza na gharama ndogo kiasi hicho anaweza kumudu ukarabati ambao aliyemtangulia asingeuweza kwa mapato yaleyale ya vyumba, na nadhani bila anguko la Dubai hoteli hii ama isingefunguliwa kabisa au ingefunguliwa ikiwa tayari imezama kwenye deni.

Ilipofunguliwa Februari 2015 ilikuwa na vyumba 330. Pengo kati ya idadi hiyo na 556 za mwaka 1906 linaeleza mabadiliko ya biashara kuliko picha zozote: mgeni wa leo hakubali chumba chembamba wala bafu la kushirikiana, na nafasi iliyokuwa ya vyumba viwili sasa ni ya kimoja. Kumbi za watu 2,000 hazikurudi. Sehemu za ndani zilisanifiwa upya kwa mtindo wa kisasa uliotulia, na baa ikahamia juu ya paa, ikapewa jina la St. Cloud, la hoteli iliyokuwa kwenye kiwanja hicho kabla ya Astor kujenga. Wapo waliolalamika kwamba hakuna cha mwaka 1906 kilichofufuliwa ndani. Lawama hiyo siioni kuwa ya haki, kwani cha kufufua hakikuwapo. Kilikuwa kimeng'olewa miaka 95 kabla, na kuiga dari na nguzo zilizopotea kungekuwa mapambo ya jukwaani.

Mwaka 2017 FelCor iliungana na RLJ Lodging Trust, kampuni nyingine ya aina hiyo, na jengo likapita tena katika mikono mingine bila wageni wengi kujua. Ulinzi wa mwaka 1988 unahusu sura ya nje pekee: kuta, madirisha, mapambo ya terakota na paa. Mmiliki akitaka kubadilisha dirisha la upande wa Broadway lazima apate kibali cha tume, lakini akitaka kufunga hoteli, kutoa vitanda na kurudisha ofisi, tume haina neno, maana sheria hiyo haimwamulii mmiliki matumizi ya jengo lake.